Ngiri ya Kwanza Kuiona Ikitembea

Ngiri ya kwanza nimewahi kuona ikitembea yenyewe ilikuwa imesimamisha mkia kaa antena ya redio ya guka, na watoi watatu wakiifuata mbio nyuma. Hizo zingine zote nimewahi kushika zilikuwa za karatasi, na nyingi zilikuwa za kukopa. Ilikuwa saa moja asubuhi ndani ya Parki ya Nairobi. Beshte yangu akatoa kichwa kwa dirisha akasema, "Maze cheki, ngiri nne zinapita hivyo tu na hakuna msee anazidai." Tulicheka mpaka mzae aliyekuwa anatuendesha akainua kidole kimoja, tukanyamaza.

Kitaa tumechukua majina za wanyama tukazitumia bila kuwajua wenyewe. Fisi kwetu ni jamaa wa kumezea kila manzi mate. Huko kwa nyasi fisi ni ukoo wa kina mathe: manzi ndio anashika usukani, na dume hadi akule nyama anangoja wamama washibe. Mbogi ni sisi, lakini mbogo ni yule unamsalimia ukiwa umefunga mlango. Simba tumemchora kwa nganya, kwa tishati, kwa mabega ya wasee wa jimu, na bado najua watu wengi sana wa Eastlands hawajawahi kumwona kwa macho yao. Ako kilomita 7 hivi kutoka tao. Ukitoka Embakasi na jam ya Mombasa Road, kuna siku unakaribia kumfikia yeye kabla ya kufikia mboka.

Wengi wetu tulienda mara moja, tukiwa darasa la tano, wanafunzi 60 kwa basi ya shule, odijo akipiga kelele mbele, twiga akiwa mbali kaa mlingoti wa Safaricom. Halafu basi. Tukikua tukaamini safari ni mambo ya wazungu wa kofia kubwa, ama ya wale wameomoka. Nataka kubonga kuhusu venye mbogi ya kawaida inaweza panga siku ya parki, ikaona wanyama, na isiwaharibie maisha. Sibongi kaa odijo. Nimeenda mara mbili nikiwa mtu mzima, na mara ya kwanza mimi ndio niliharibu.

Hiyo mara ya kwanza ilikuwa bathde ya beshte. Fom iliundwa Jumamosi usiku, tukaenda Jumapili. Wasee 11 kwa mathree ya kukodi, ile iko na spika mpaka chini ya viti, dere akiwa kijana wa rika letu. Tulibeba maji ya chupa katoni mbili, chipo kwa kontena za plastiki, na mzinga mmoja ambao sitauongelea hapa ju mathe husoma vitu naandika. Kufika geti ni saa nne na nusu, jua lishaanza kuuma.

Pale getini tukafunzwa kwa haraka. Parki za KWS hazishiki kesh, unalipia kwa eCitizen, na sisi wasee 11 tulikuwa na bando ya mtu mmoja. Wawili walikuwa wameacha kitambulisho kejani, na bila kitambulisho bei ya mwananchi utaisikia tu kwa redio. Renja akacheki katoni zetu, akatucheki sisi, akasema kwa upole kabisa kwamba hizo chupa haziingii. Plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwa parki zote tangu Juni 5, 2020. Sisi tulikuwa tunajua tu ile ya mifuko ya nailoni ya 2017, ile ilitutoa kwa juala. Tukasimama pale kando ya geti tukikunywa maji kaa ngamia anaenda Wajir. Zilizobaki tukaziacha.

Ndani mambo yakazidi. Mziki ulikuwa umewaka, na kila mnyama tulimwona kutoka nyuma, akienda. Saa sita mpaka saa nane wanyama wako chini ya miti wanadoz, hiyo hatukujua. Tukaanza kukasirikia parki kaa mtu amelipia disko akapata didijei hajafika. Halafu dere akapigiwa simu: kuna simba kando ya bwawa.

Hapo tulirukwa na akili. "Dere, kanyaga!" Barabara za ndani mwisho ni kilomita 40 kwa saa, sisi tulipita swala kaa tuko Thika Road saa nane usiku. Kufika tukapata gari tisa zimejipanga. Simba alikuwa manzi, amelala ndani ya nyasi mbali na barabara, unaona masikio tu. Sasa mtu mmoja, na wacha nikuwe mkweli, huyo mtu ni mimi, akasema, "Dere, si uingie kiasi tu, tutakuachia kitu." Soo tano ikapita kutoka siti ya nyuma mpaka mbele. Dere akatoka kwa barabara, akakata nyasi.

Simba akainuka. Hakunguruma, hakufanya sinema. Alitucheki mara moja tu, venye mathe yako hukucheki mbele ya wageni, akageuka akaenda. Na kwa zile nyasi, mita chache kutoka kwa tairi yetu, vitoi viwili ambavyo hakuna mtu alikuwa ameviona vikatoka vikamfuata mbio.

Mziki ulizimwa na hakuna aliyeuliza ni nani amezima. Picha niliyopata ni ya mkia. Tukaenda kumanga pale penye watu huruhusiwa kushuka, na nyani mmoja mkubwa akatembea polepole mpaka kwa meza yetu, akachukua kontena ya chipo bila kukimbia, akaenda kukula akitupea mgongo. Nyani anachukua hivyo ju kuna mtu kabla yako alimrushia akiona ni jokes. Siku hiyo nilimwona kaa karma.

Watu hupenda kulaumu madere kwa hii maneno ya kukimbiza simba. Mi nilikuwa hapo na najua ganji ilitoka mfuko gani. Dere wa safari analishwa na wateja, na mteja mwenye haraka ndio humfundisha kuvunja sheria. Akikataa, tunasema hajui kazi. Akikubali, tunampea tipu na nyota tano. Kwa hivyo safari ya adabu huanza kitambo kabla ya geti: inaanza kwa Wasapu, penye mbogi inaamua inataka nini. Mkisema "tunataka simba", mmeshaharibu. Mkisema "tunataka kushinda huko siku mzima", simba anaweza kuja ama asikuje, na hakuna mtu atamsumbua.

Mara ya pili tulipanga mwezi mzima. Tulipunguza watu wakawa sita, ju gari ya watu sita kila mtu ana dirisha na hakuna anayesimama juu ya mwingine akipiga kelele. Tukachagua Februari, kabla mvua ndefu ya Machi. Hiyo parki udongo wake ni ule mweusi wa kunata, mvua ikinyesha inamaanisha mtatoka mkivutwa na kamba. Na wakati wa kiangazi nyasi ni fupi na wanyama wanajileta wenyewe kwa mabwawa. Kila mtu alituma chapaa kidogo kidogo kwa M-Pesa ya dem mmoja wetu ambaye hajawahi kula pesa ya chama, na tiketi zikalipwa usiku wa kuamkia siku yenyewe. Bei za parki hupandishwa, kwa hivyo achana na ile beshte yako alilipa mwaka juzi. Fungua eCitizen usome mwenyewe, na ubebe kitambulisho.

Kitu ilichukua muda ni kutafuta dere. Hapa Kenya kuna chama cha maguidi, KPSGA, kinachowatahini halafu kinawapea beji ya shaba, ya silva ama ya goldi. Si lazima umpate wa goldi, na kuna watu wazuri hawana beji, lakini swali la "Mzae, uko na beji gani?" linakuonyesha haraka unabonga na nani. Sisi tulimpata mzae mmoja wa silva. Kabla ajibu bei aliuliza swali moja: "Vijana, mnataka kuona wanyama ama mnataka kupiga picha za wanyama?" Dem wetu wa hazina akamwambia, "Mzae, tunataka kutulia." Akatukatia bei hapo hapo. Nadhani alikuwa amengoja miaka kusikia hiyo.

Chakula kilikuwa chapo ndengu kwa hotipoti, maji kwa jagi za chuma na zile chupa nzito za kurudia, na matunda yameoshwa nyumbani. Ukibeba chapo ndengu hauna takataka, ju chapo ndio sahani na ndio kijiko. Takataka yetu yote ya siku ilikuwa maganda ya ndizi, na hayo pia tulirudi nayo. Usirushe ganda ukisema litaoza: litaliwa kwanza, na atakayelikula ndio yule nyani wa kesho. Luku, vaa rangi za vumbi. Lakini usivae zile nguo za madoa za kijeshi hata kaa umenunua Gikomba, ju hapa Kenya raia kuvaa hizo ni kesi, na marenja hawajui wewe ni mresh wa TikTok.

Tulitoka Umoja saa kumi na moja kasoro, tukaingia na geti ya Mombasa Road ikifunguliwa saa kumi na mbili. Kuna baridi hiyo saa, na kuna harufu ya nyasi imelowa umande ambayo sijawahi kuisikia kwingine kokote Nairobi. Mzae aliendesha kaa mtu anapeleka mayai. Baada ya dakika kumi akazima injini.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu," akasema. "Sikiza."

Sasa mimi ni mtu wa Umoja. Masikio yangu yamezoea boda, kanisa ya mkesha na yule jamaa wa mayai na smokie. Ilichukua muda mpaka nikasikia kitu. Kwanza ndege, wengi kaa soko. Hii parki iko na zaidi ya aina 400 za ndege na mi nilikuwa nafikiri ni kunguru na yule korongo wa takataka peke yake. Halafu nyasi zikitafunwa. Nilisikia pundamilia akitafuna! Walikuwa nyuma yetu, kaa ishirini hivi, na hatukuwa tumewaona ju macho yetu yote yalikuwa mbele yakitafuta simba. Hapo pia ndio ngiri na watoi wake wakapita.

Hivyo ndivyo siku yote ilienda. Tunasimama, tunazima, tunangoja. Tuliona kifaru mweusi na mtoi wake wakivuka barabara, na mzae akasimama mbali akawapea njia mpaka wakamaliza. Kwa parki mnyama ndio ako na haki ya barabara, akitaka kusimama katikati nusu saa ni mtaa wake. Mzae akatuambia kitu moja kuhusu picha: zimeni lokesheni kwa simu kabla ya kuposti kifaru. Jangili wa siku hizi ako na intaneti kaa wewe. Picha yako ikisema mahali na saa, umemfanyia kazi. Na droni hairuhusiwi bila kibali, hata ile ndogo ya cuzo yako.

Kuhusu duma hatukumwona, lakini mzae alitupea riba yake tukiwa tumeegesha. Duma huwinda sana mchana, kwa macho, na mbio yake kali ni ya muda mfupi tu, kaa mtu anayekimbilia mathree imeanza kuondoka. Akikosa anakaa chini akihema. Akipata, lazima akule haraka, ju simba ama fisi akifika anamnyang'anya kaa ngeta. Sasa weka gari kumi zimemzunguka. Swala anaona magari, anahepa. Duma anarukia hewa. Gari ingine inamkata njia. Amechoma nguvu zake zote na watoi wake wamelala njaa, na sisi tumerudi tao tukisema safari ilikuwa moto. "Simba atasimama aende," mzae akasema. "Duma anakufa polepole na hakuna mtu atajua ni nyinyi." Nikakumbuka ile soo tano yangu.

Saa tano tulikuwa pale penye pembe zilichomwa. Hapo watu wanaruhusiwa kushuka, na ni mahali pa kupita ukiwa na akili yako yote. Julai 18, 1989, Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe za ndovu, ulimwengu wote ukiangalia, na mwaka huo huo biashara ya pembe ya kimataifa ikapigwa marufuku. Aprili 2016 Uhuru akachoma zingine tani 105. Majivu yako hapo, milima midogo ya kijivu. Beshte aliuliza mbona zisiuzwe zijenge mashule, na hilo ni swali la haki, nimelisikia kwa mathree mara mingi. Jibu la mzae lilikuwa fupi: ukiuza moja umemwambia mnunuzi kwamba pembe iko na bei. Kitu ilinishangaza ni kwamba hii parki yenyewe haina ndovu wa mwitu. Wale wako ni mayatima wa kituo cha Sheldrick, wanalelewa hapo ndani kwa chupa ya maziwa halafu wakikua wanapelekwa Tsavo kujifunza kuwa ndovu. Ukitaka kuwaona ni saa tano asubuhi, saa moja tu, na lazima ujiandikishe mapema. Usifike pale tu na bathde yako kaa sisi.

Wasee wengi wataniambia, "Buda, hiyo gari ya kukodi sina." Sawa. Panda nganya ya Rongai, 125 ama 126, ushukie geti kubwa ya Lang'ata Road. Kwa parki yenyewe hautaingia kwa miguu, lakini hapo getini kuna Safari Walk, unatembea kwa daraja za mbao ukicheki wanyama chini, na ni siku nzuri ya deti kuliko kukaa mol mkishikilia kikombe kimoja cha kahawa masaa matatu. Ama mpande mathree ya Naivasha mwende Hell's Gate, penye unaruhusiwa kuingia kwa baiskeli ama kwa miguu. Ni hisia tofauti kabisa kupedali katikati ya pundamilia bila kioo katikati yenu. Lakini kaa mawingu ni meusi, lile bonde la chini achana nalo hata kaa picha ni tamu. Maji hutoka juu ghafla, na yameua vijana kaa sisi 2012 na tena 2019.

Sasa kuna hii sehemu ingine ambayo sikuwa nimepanga kuiandika.

Tulipofika upande wa kusini, kwa ule mto wa Mbagathi, beshte akauliza, "Fensi iko wapi?" Mzae akasema haiko. Parki ya Nairobi imefungwa pande tatu, upande wa jiji, lakini kusini iko wazi. Ilifunguliwa Desemba 1946, ya kwanza Kenya, na ukubwa wake ni kilomita mraba 117 tu. Hiyo haitoshi. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia hutoka wakaenda kwa nyanda za Kitengela na Athi-Kapiti kukula nyasi mpya na kuzaa, na simba wanafuata dishi. Kiangazi kikirudi, nao wanarudi kwa maji. Parki ni kaa kejani kwao, na Kitengela ndio soko. Ukifunga mlango wa kwenda soko, kejani kunakuwa jela.

Na mlango unafungwa. Kusini mwa huo mto kila mwaka kuna mawe mengi zaidi, mageti mengi zaidi, mabango ya "ploti zinauzwa, hati tayari". Kwa hii upande wa jiji SGR ilipita juu ya parki kwa nguzo, daraja la kilomita 6 hivi, na treni za Naivasha zikaanza 2019. Watu walipiga kelele, na walikuwa na haki. Ukimwona twiga akipita chini ya reli na majumba ya tao nyuma yake, picha ni kali, lakini unajiuliza unasherehekea nini. Ila gava tumezoea kuilaumu. Zile ploti za Kitengela hazikununuliwa na gava. Zilinunuliwa na machama, na masacco, na walimu. Zilinunuliwa na mathe wangu: futi 50 kwa 100, njia ya Isinya, miaka nane ya kujinyima.

Wale wanaishi hapo kitambo wamebeba huu mzigo kuliko mtu yeyote. Mwaka 2000 kulianzishwa mpango wa kulipa wenye mashamba Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka, ndio wasijenge fensi, wanyama wapite. Si doo ya kuomoka, lakini ilifika wakati wa karo. Na kuna Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekulia kando ya hii parki. Simba walikuwa wanakula ng'ombe za fathe yake. Akiwa na miaka 11 akagundua simba huogopa taa inayotembea, ju anafikiri ni mtu ako macho. Akachukua betri ya gari, sola, na kale kadude ka indiketa ya pikipiki, akafunga balbu zikawaka kwa zamu kuzunguka boma. Simba wakaacha kuja. 2013 alisimama kwa jukwaa la TED kule Marekani akiwa na miaka 13 akieleza. Mi nikiwa 13 nilikuwa nimeweza kufungua redio ya nyumbani na nikashindwa kuirudisha.

Si kila stori iliisha hivyo. Machi 2016 simba dume mwenye manyoya ya kutisha, wasee walikuwa wanamwita Mohawk, alitoka na hiyo upande ya kusini akafika Isinya. Umati ukamzunguka na kelele na simu, akaumiza mtu, marenja wakampiga risasi akafa. Tukiwa pale mtoni nilimwuliza mzae kaa alikuwa anamjua. "Kila mtu alikuwa anamjua," akasema, akawasha injini.

Simba wetu? Tulimwona saa kumi jioni, kwa sababu hatukumtafuta. Dume, amelala kando ya barabara kabisa, tumbo juu, miguu imeachwa ovyo kaa mlinzi wa usiku saa kumi alfajiri. Kulikuwa na gari mbili. Mzae akasimama mbali, akazima, na tukakaa dakika kumi na tano hakuna mtu anasema kitu. Alikuwa anakoroma kiasi. Gari ingine ikaja nyuma yetu, mzae akaangalia kwa kioo akasema, "Vijana, tumeona. Tuwaachie wengine." Na maze, hakuna mtu alibisha. Mara ya kwanza ningelia.

Tulimpea mzae tipu mbele ya kila mtu, na dem wa hazina akamwambia ni ya kuzima injini. Alicheka sana. Mabeshte wakarudi tao naye. Mimi nilishuka Mombasa Road nikadandia mathree ya Kitengela, halafu boda njia ya Isinya, ju mathe alikuwa ameniambia kaa ninaenda huko kwa wanyama si basi nipitie ploti nicheki kaa vibikoni bado viko. Watu huvihamisha usiku.

Jua lilikuwa linashuka. Vibikoni vitatu niliviona haraka. Cha nne kilikuwa ndani ya nyasi, na juu ya nyasi kulikuwa na pundamilia watano, hapo ndani ya 50 kwa 100 ya mathe, wakikula wametulia. Nilisimama kwa barabara. Nikatafuta injini ya kuzima, nikakumbuka niko kwa miguu. Yule msee wa boda alikuwa ameshaizima yake mwenyewe.

Nikapiga simu.

"Umeona vibikoni?"

"Vitatu, mathe. Cha nne kuna pundamilia amekisimamia."

Akanyamaza kidogo. "Wako wangapi?"

"Watano."

"Wanaharibu kitu?"

"Wanakula nyasi tu."

"Sawa, wacha wamalize," akasema. Halafu, kabla akate: "Na yule fundi wa fensi alisema mawe ni pesa ngapi?"

Nikamwambia nitamwuliza. Pundamilia mmoja akainua kichwa akanicheki, akarudi kukula.